Kome Waliosafisha Lambo la Bugembe

Wanakijiji wenzangu, na ninyi wa vijiji vya jirani mnaoteka maji lambo moja na ng'ombe wenu, sogeeni karibu. Habari hii haikutoka kwa babu wala kwa nyanya. Ilitokea hapa hapa Bugembe, upande wa Ushirombo, na karibu wote waliohusika mnawaona kanisani kila Jumapili. Mimi ninayesimulia sikutoka humo nikiwa safi. Tutakapofika mahali pangu nitawaambia, msiwe na haraka.

Asteria, ambaye sote tunamwita Mama Noela, alikuwa na asubuhi zake nzuri. Alishuka lambo na ndoo kichwani, jua likiwa bado dogo, akamkuta Bibi Limi ameshakaa kwenye jiwe lake anapaa samaki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Umechelewa. Sato wamekuuliza."

Bibi Limi ni mjane asiye na mtoto aliye hai, na nyumba yake ndiyo iliyo karibu kuliko zote na lambo. Ndiye aliyemfundisha Asteria kubanika samaki: kuni gani zina moshi mtamu, zipi zinachachusha nyama, na jinsi ya kukaa upande ambao moshi hauji, jambo ambalo Bibi Limi mwenyewe hakuwahi kuliweza. Miaka arobaini ya moshi ilikuwa imemwachia macho mekundu. Sato wake walikuwa wanene, na watu walitoka hata Ushirombo mjini kuwafuata. Asteria alibanika pamoja naye, na kwa samaki hao nyumba yake ilikula na Noela alisoma.

Tatizo lilikuwa maji. Mnakumbuka yalivyokuwa: rangi ya chai ya maziwa katikati, na kijani kibichi pembeni. Kila mwanamke alifika nyumbani na ndoo yake akaanza kazi ya pili, kutwanga mbegu za mlonge au kuzungusha kipande cha shabu, kisha kungoja matope yatue ndipo mtu anywe. Tulilalamika kila siku, kana kwamba Mungu alikuwa na lambo jingine safi amelificha.

Nkwabi, mume wa Asteria, ni mchimbaji mdogo huko Geita. Hukaa kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, miezi mingi, na hurudi nyumbani wakati wa mavuno na sikukuu. Mwaka ule duara lao lilikuwa limejaa maji, akachukua kibarua cha kuchimba kisima katika nyumba moja ya wageni Geita mjini. Uani kulikuwa na bwawa la mapambo ambalo maji yake yaling'aa mpaka ungehesabu kokoto za chini. Akamwuliza mtunza bustani, kijana aitwaye Denis, wanaweka dawa gani.

Denis akamwonyesha mawe yaliyofunikwa na kome wadogo, kila mmoja kama punje ya harage, wameshikana kwa nyuzi ngumu. Walikuja kutoka nje ya nchi pamoja na mimea ya mapambo, akasema, na kazi yao ni kunywa maji na kuyatoa yakiwa safi. Denis alisema na jambo jingine. Jambo hilo Nkwabi hakulifikisha nyumbani.

Alipokuja Pasaka alileta khanga, sukari, na ndoo yenye kifuniko.

"Mama Noela, hii ndiyo shabu yako ya kudumu," alisema akifunua.

Asteria alichungulia. "Wanaliwa?"

"Hata kuku watawakataa. Hawa wanakunywa uchafu. Tukiwaweka lambo, wewe na mlonge mmeachana."

"Na kamati ya maji?"

Mnajua sheria yetu: hakuna mtu kutia kitu chochote lambo bila kamati kuridhia. Nkwabi akacheka. "Ukiwauliza kamati watakaa vikao mpaka lambo likauke. Tendo jema halihitaji mhuri."

Asteria alimshukuru mumewe kutoka moyoni, na mimi simlaumu kwa shukrani ile. Mwanamume aliyekaa shimoni miezi minne akaukumbuka mgongo wa mke wake ni mume. Mchana, watu wakiwa wamepumzika, walishuka pamoja. Nani atamshangaa mtu mwenye ndoo kando ya lambo? Nkwabi alimwaga nusu kwenye mawe ya tuta, na Asteria akamimina nusu iliyobaki pale anapotekea. Kisha wakarudi nyumbani wakicheka kama watoto walioiba embe.

Mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Mwaka wa pili, mvua zilipokatika na matope kutua, maji yakaanza kutakata. Kufikia Agosti ungeweza kusimama kwenye tuta ukaona kwato za ng'ombe ndani ya maji. Nani alitarajia? Wanawake walipiga vigelegele. Katekista alitoa shukrani kigangoni, mimi nikapeleka kuku altareni. Asteria na Nkwabi walitazamana wakatabasamu, wakaificha siri yao.

Mwaka wa tatu Bibi Limi alikuwa wa kwanza kugutuka.

"Mayu, mwangalie huyu," alisema siku moja, akimwinua sato kwa mkia. "Kichwa cha baba, kiwiliwili cha mtoto."

Sato walizidi kukonda, kisha wakapungua, kisha wavu ukarudi na majani matupu. Maana majani yaliota chini ya lambo zima, marefu, pale ambapo zamani palikuwa na giza. Furu wadogo waliokuwa wakirukaruka pembeni wakatoweka. Kambare waliokula furu wakawafuata. Ndege wanaoitwa mnandi, waliozoea kukausha mabawa juu ya visiki vyetu, walihama wote katika wiki moja. Magamba ya kome yalikata miguu ya watoto na ya ndama. Noela na wenzake wawili walianza kukojoa damu, wakatibiwa zahanati: kichocho. Maji yalikuwa bado yanang'aa vizuri mno.

Sasa hapa, ndugu zangu, ndipo aibu yetu inapoanzia. Mtu mwenye njaa hutafuta mkosaji kabla ya kutafuta sababu. Fulani alisema: mbona samaki wamekwisha na Bibi Limi bado anabanika? (Alikuwa anabanika kambare wawili kwa wiki, kwa kuwa yeye peke yake alijua shimo la mwisho walikojificha.) Mwingine akasema: nani anaishi karibu na lambo kuliko yeye? Wa tatu akasema neno kuhusu macho yake mekundu, ambayo kwetu husemwa ni ya mchawi. Hakuna aliyetamka lile neno lenyewe. Lilipita tu, nyumba hadi nyumba, na nyuma yake watu wakaacha kumwitikia salamu.

Na mimi niliacha. Nilipishana naye njiani amebeba kuni, akaniambia, "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi, nami nikajifanya naitazama simu. Simu yenyewe haikuwa na chaji.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Herman, alikuwa na akili kutuzidi, akaita afisa uvuvi. Alikuja mwanamke kijana, Coletha, kwa pikipiki, na viatu vya mpira mikononi. Aliingia majini mpaka kiunoni, akatoa jiwe lililojaa kome, akaweka kome kumi kwenye chupa ya maji ya kijani aliyoyaleta kutoka bwawa jingine. Tulipomaliza kula michembe ya viazi na karanga, maji ya chupa yalikuwa meupe. Tukashangilia.

"Msishangilie," alisema. "Ule ukijani mliouona uchafu ni ugali wa samaki. Ni vijimea na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Sato mdogo anakula hivyo, furu anakula hivyo, kambare anamla furu, mnandi anawala wote, na ninyi mnakula nyuma yao. Kome huyu amekaa mlangoni mwa jikoni anakomba sufuria kabla chakula hakijapakuliwa. Jua sasa linafika chini, ndiyo maana majani yameota, na kwenye majani hayo konokono wa kichocho wamepata nyumba. Maji haya si safi. Yana njaa."

Akageuka akatutazama wote. "Kome hawa si wa huku. Hawana miguu. Nani aliwaleta?"

Asteria alikuwa amesimama mstari wa mbele. Baadaye alisema kwamba alihisi mikono yake ikiwa mizito, hakujua aiweke wapi. Alimtafuta Nkwabi kwa macho. Nkwabi alikuwa anaangalia miguu yake.

Na afisa alipoondoka, sikieni watu tulivyo: badala ya kuamini tulichokiona kwenye chupa, tukasema, "Kikome kidogo vile amalize lambo? Hapo kuna mkono wa mtu." Mwigulu, kamanda wetu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akaitisha mkutano wa kijiji Jumapili baada ya ibada. Ajenda ilikuwa moja, Bibi Limi kuhama Bugembe. Na ninyi ni watu wazima, mnajua kikongwe anayefukuzwa kwa sababu kama hiyo hafiki mbali.

Jumamosi asubuhi Asteria alimkuta Bibi Limi anafunga vyombo vyake kwenye khanga. Vilikuwa vichache.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Sijui, mayu. Samuye nilikozaliwa hakuna anayenikumbuka. Lakini nikiondoka mwenyewe, labda wataniacha nitembee."

Asteria alirudi nyumbani anakimbia. "Baba Noela, kesho useme."

"Niseme nini? Watatutenga. Unajua kutengwa? Hata moto hatutaomba kwa jirani. Noela atacheza na nani?"

"Na Bibi Limi?"

"Atapata ndugu zake." Alisema hivyo, lakini hakuweza kumalizia chai yake.

"Mume wangu, siku ile nilikushukuru kwa ndoo," Asteria alisema. "Nakuomba unipe sababu ya kukushukuru tena." Nkwabi alivaa kofia akatoka nje.

Jumapili tulijaa uwanja wa shule. Bibi Limi alikalishwa peke yake kwenye kiti cha mbele, na furushi lake la khanga miguuni. Mwigulu alisema kwa kirefu. Watu wawili walitoa ushahidi usio na kichwa wala miguu. Mzee Herman alijaribu kutaja kome akazomewa. "Kuna mkono wa mtu!" walipiga kelele nyuma.

Asteria akasimama. Hakuomba nafasi.

"Mkono mnaoutafuta ni huu," alisema, akaunyoosha. "Kome niliwamimina mimi, pale ninapotekea, mchana, miaka mitatu iliyopita. Nilitaka maji safi. Bibi huyu amenifundisha kazi inayomlisha mwanangu, na mimi nimekaa kimya mkimla akiwa hai. Kama ni kuhama, nahama mimi."

Kisha Nkwabi akapita katikati ya watu akasimama kando ya mkewe.

"Amesema nusu," alisema. "Nusu ni yangu, na iliyo mbaya zaidi ni yangu. Yeye hakujua. Mimi niliambiwa. Kule Geita mtunza bustani aliniambia bwawa lao halifugi samaki tena, wakitiwa wanakonda na kufa. Nilijisemea lambo letu ni kubwa. Nilitaka mke wangu anisifu."

Asteria alimgeukia kwa mshangao. Hilo hakuwa amelisikia kamwe. Machozi yakamtoka, na hakuondoka ubavuni mwake.

Mwigulu akakohoa. Kimila aliwatoza faini ya dume la ng'ombe, apewe Bibi Limi. Lakini Bibi Limi akainuka kitini.

"Dume zima nitamla kwa meno gani?" alisema. "Mchinjeni siku ya kazi ya lambo, maana kazi ipo. Ila mimi nauliza jambo moja. Hawa wawili wamelipa. Ninyi mlioacha kuitikia salamu yangu, faini yenu ni ipi?"

Alitupitia kwa macho, mmoja mmoja.

"Basi naitaja mwenyewe. Kila nyumba italeta mtu mzima mmoja jikoni kwangu, asubuhi, tubanike pamoja chochote kitakachokuwepo, hata kama ni viazi. Akae mpaka macho yake yawe mekundu kama yangu. Ndipo aende."

Nilikwenda siku ya nne. Moshi ule hauwashi tu, unauma. Nilitoka nje nimevimba kope, nikamwambia, "Bibi, nisamehe." Akanipa maji ya kunawa, akaniuliza kama simu yangu imepata chaji.

Coletha aliporudi alitueleza dawa iliyopo. Kome hawezi kuishi nje ya maji. Lambo lilikuwa limeshashuka kwa kiangazi. Likikaushwa kabisa kabla ya mvua, likapigwa jua mpaka lipasuke, wote watakufa. "Lakini ole wenu mkikata tuta," alisema. "Maji yakiingia mtoni, kome wanaingia mtoni, na mito ina maziwa yake. Ziwa hakuna wa kulikausha."

Sasa nani anajua kutoa maji shimoni kuliko mchimba dhahabu? Nkwabi alikwenda Geita akarudi na wenzake kumi na moja na pampu saba, wanaume wenye vumbi jekundu masikioni, ambao kazi yao ya kila kiangazi na masika ni kupigana na maji ya maduara. Hawakujua Bugembe iko wapi. Walikuja kwa sababu aliyewaita alisema, "Nimekosea kwetu, nisaidieni." Walitandaza mipira kupandisha maji kwenye mashamba ya juu, mbali na mto, na ardhi kavu ikayanywa yote. Majuma matatu pampu hazikuzimwa mchana. Tulikula dume la Nkwabi siku ya kwanza, na Bibi Limi, kwa meno yake aliyoyasingizia, alimaliza ubavu mzima.

Maji ya kunywa tuliyapata wapi? Parokia walitufungulia kisima chao, na hawakutuuliza tumekosa nini. Ng'ombe? Kijiji cha jirani walitufungulia ngitili yao, majani waliyokuwa wameyafungia kwa ajili ya mifugo yao wenyewe, na wakatupa zamu kwenye lambo lao, baada ya kwato za ng'ombe wetu kukaguliwa na kukauka. Mama mmoja wa huko, Scolastika, aliwanyonyesha ndama wetu watatu kwa ng'ombe wake. Watu wa namna hiyo unawalipa nini? Unasema "wabeja", neno letu la asante, ukiinama, na unajua halitoshi.

Tulikwangua mawe, tukang'oa majani, tukafagia magamba mpaka yakawa chungu refu kuliko mtu. Pampu na mipira ilianikwa juani siku kumi na tano kabla ya kurudi Geita, kwa sababu Nkwabi alikataa kabisa hata mmoja aondoke na unyevu. Alisimama akiilinda utadhani ni mali ya Papa. Sakafu ya lambo ilikauka, ikapasuka, na hatukuona tena kome aliye hai.

Mvua zilikuja wiki ya pili ya Novemba. Msimu uliofuata Coletha alituletea vifaranga wa sato waliokaguliwa, na mwaka jana, mwezi wa Agosti, Asteria alitoa wavu akahitaji mtu wa pili wa kuuvuta. Maji ni ya chai ya maziwa katikati na kijani pembeni. Noela, ambaye sasa ndiye anayetwanga mlonge, hulalamika kila siku, na mama yake humwambia, "Twanga, mwanangu, twanga na ushukuru." Coletha huja kila kiangazi kuangalia mawe. Nkwabi bado ni mchimbaji, na akirudi nyumbani hupita kwanza kwa kamati kuonyesha alichobeba, hata kama ni mkate.

Na Bibi Limi? Hakuhama. Ukipita kwake asubuhi hukosi mtu jikoni, ingawa faini ilikwisha zamani.

FUNZO LA HABARI HII

Maji yana walaji wengi kuliko sisi, na tunachokiita uchafu huenda ni chakula cha mwingine. Kiumbe wa mbali usimlete kwenye lambo, mto wala ziwa, hata akisifiwa vipi, kabla hujawauliza wenye ujuzi na wenzako mnaoshirikiana maji. Tendo jema linaloogopa kikao lina kasoro. Ukishakosea, sema mapema: kosa lililotajwa hupata wasaidizi, na lililofichwa humtafuta mtu wa kumwangukia.

Tena tushukuru, maana tumeokolewa na watu: mwanamke aliyesimama mbele yetu bila kuombwa, mume aliyeungama lile ambalo hakuna aliyelijua, wachimbaji tusiowafahamu, majirani waliofungua ngitili. Lakini shukrani yangu kubwa ni kwamba hatukuwahi kufanya tulichokuwa tumekwenda kukifanya Jumapili ile. Lambo lilikauka, mvua ikalijaza. Bibi Limi tungempoteza, ni mvua gani ingemrudisha?